Kosa la Lenny Bruce lilikuwa lipi hasa?

Kiangazi cha mwaka 1964, katika mahakama moja ya New York, mkaguzi wa leseni aitwaye Herbert Ruhe alipanda kizimbani akaanza kusimulia vichekesho. Hakuwa mchekeshaji. Alikuwa ametumwa kwenye klabu ya Café Au Go Go, mtaa wa Bleecker, akae miongoni mwa wateja na kunakili maneno ya jukwaani. Sasa anayasoma mbele ya majaji watatu: neno hapa, neno pale, tusi juu ya tusi, bila kituo wala mkato wa sauti, na bila kisa kilichoyabeba maneno yenyewe. Mwenye vichekesho, Lenny Bruce, alikuwa kwenye meza ya washtakiwa akisikiliza. Lalamiko lake lilikumbukwa kuliko vichekesho vingi alivyowahi kutunga: huyu bwana anaboronga, tena sasa anajiona mchekeshaji, na mimi ndiye nitakayehukumiwa kwa kuboronga kwake.

Majaji walimtia hatiani. Miaka thelathini na tisa baadaye gavana wa jimbo lile akamsamehe, ilhali Bruce alikuwa kaburini tangu 1966. Jina lake likitajwa siku hizi, huletwa kwa sentensi moja: yule mchekeshaji Myahudi aliyefungwa kwa kutukana. Katika sentensi hiyo, mahali pa uhakika ni pale pa Uyahudi wake. Kifungo chenyewe hakukitumikia. Kuhusu kutukana, ukiifuata kesi kwa karibu unakuta matusi ndiyo yaliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, lakini kilichowaudhi watu kilikuwa kitu kingine.

Tuanzie nyumbani kwao. Alizaliwa Oktoba 13, 1925, Mineola, kwenye kisiwa cha Long Island, akaitwa Leonard Alfred Schneider. Wazazi walitengana akiwa mdogo, akalelewa akihamishwa kutoka kwa ndugu huyu hadi yule. Baba alikuwa mtu wa utaratibu. Mama alikuwa kinyume chake. Alijulikana jukwaani kama Sally Marr, mcheza dansi, mshereheshaji na mchekeshaji wakati ambapo wanawake wa kazi hiyo walikuwa wachache mno. Mtoto wa kiume wa miaka ile kwa kawaida alifundishwa na mama yake adabu za mezani. Huyu alifundishwa kuigiza sauti za watu.

Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia jeshi la majini na kuhudumu kwenye manowari ya Brooklyn katika bahari ya Mediterania, Italia ikipigwa mabomu mbele ya macho yake. Namna alivyotoka jeshini ni onyesho lake la kwanza la kweli. Vita vilipokuwa vinaisha alichoka, akaanza kutembea melini usiku amevaa sare za kike, mpaka wakubwa wakaona heri aende zake. Hayo ni masimulizi yake mwenyewe, na Bruce hakuwa mtu wa kuacha kisa kipite bila kukitia chumvi. Lakini aliruhusiwa kuondoka mwaka 1945.

Baada ya hapo akabadili jina. Schneider akawa Bruce. Jambo hili halikuwa la ajabu hata kidogo. Jack Benny alizaliwa Benjamin Kubelsky, Rodney Dangerfield aliitwa Jacob Cohen, Joan Rivers alikuwa Joan Molinsky, Mel Brooks alikuwa Melvin Kaminsky, na Woody Allen alikuwa Konigsberg. Walikuwa watoto na wajukuu wa wahamiaji waliotoka Urusi, Poland na nchi jirani kati ya miaka ya 1880 na 1924, Marekani ilipofunga mlango kwa sheria ya uhamiaji. Kazi ya uchekeshaji wengi wao waliisomea milimani Catskill, kaskazini ya jiji la New York, kwenye hoteli za mapumziko zilizojengwa na Wayahudi kwa ajili ya Wayahudi, kwa kuwa hoteli nyingine nyingi ziliwafungia. Huko mchekeshaji aliajiriwa kuwachangamsha wageni kuanzia chai ya asubuhi hadi wanapokwenda kulala. Ulikuwa mfululizo wa mizaha mifupi: mke wangu hivi, mama mkwe wangu vile, daktari akaniambia. Unatega, unafyatua, wanacheka, unatega tena.

Ukishuka mlimani kwenda kwenye redio na televisheni za taifa, kulikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa popote. Namna ya kuchekesha ya Kiyahudi ilipokewa kwa mikono miwili, ila Myahudi mwenyewe abaki nyuma ya pazia. Jina libadilike, lafudhi isafishwe, maneno ya Kiyidi yaachwe nyumbani. Bruce alilikubali sharti la kwanza tu.

Kiyidi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mifupa yake ni ya Kijerumani, ikavalishwa Kiebrania na lugha za Kislavoni, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Msomaji wa Kiswahili, mwenye lugha ya mifupa ya Kibantu iliyovaa Kiarabu na kuandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, hahitaji maelezo zaidi. Kwa vijana wa Marekani wa miaka ya 1950, Kiyidi kilikuwa lugha ya bibi: ya kunong'onea, ya kugombezea, ya kuficha jambo watoto wasielewe. Bruce alikipandisha jukwaani mbele ya watu ambao wengi hawakuwa Wayahudi, wala hakuwatafsiria.

Njia ya kufika huko ilikuwa ndefu, na sehemu yake haipendezi. Mwaka 1951 alimwoa Honey Harlow, mnenguaji wa klabu za kuvua nguo. Mwaka huohuo alikamatwa Miami akiwa amevaa mavazi ya padri, anapita nyumba hadi nyumba akichangisha fedha za wagonjwa wa ukoma wa Guyana, iliyokuwa koloni la Waingereza. Alikuwa ameisajili taasisi hiyo ya hisani kihalali, hivyo akaachiwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, wagonjwa walipata kiasi fulani, na kiasi kikubwa zaidi kikabaki kwake. Nakitaja kisa hiki kwa sababu wanaomtukuza hupenda kukiruka. Mtu aliyekuja kuwaumbua wahubiri wanaofanya dini biashara alikuwa ameijaribu biashara hiyo mwenyewe, tena akaona inalipa.

Kisha wakahamia California, akawa mshereheshaji kwenye klabu za wanenguaji huko Los Angeles. Kazi yake ilikuwa kujaza nafasi kati ya mwanamke mmoja na mwingine. Hakuna aliyemsikiliza. Wateja hawakuja kwa ajili yake, na akikawia walimzomea ashuke. Watu pekee waliomsikia kila usiku walikuwa wapiga muziki nyuma yake, vijana wa jazi, waliokwisha kuchoshwa na mizaha ya mama mkwe. Akaanza kuwachekesha hao. Nadhani mtindo wake wote ulizaliwa pale, kwa mtu aliyeupa ukumbi kisogo akizungumza na bendi. Mpiga jazi huchukua wimbo unaojulikana, akautupa, akauzunguka, akarudi nao kutoka mlango ambao hukuutegemea. Bruce alianza kufanya hivyo kwa maneno. Aliacha kutega na kufyatua. Aliwaza kwa sauti, akaigiza watu watano katika pumzi moja, akakatiza kisa katikati, akakirudia baada ya dakika kumi.

Mwaka 1958 alianza kufanya maonyesho San Francisco, na mambo yakageuka haraka. Zikafuata santuri, na Aprili 1959 akaonekana kwenye kipindi cha televisheni cha Steve Allen. Mwaka huohuo jarida la Time liliwaweka yeye na wenzake kadhaa kwenye kapu moja, likawaita wachekeshaji wagonjwa. Usiku wa Februari 4, 1961, theluji kubwa ikiwa imefunga barabara za New York, watu walijaa ukumbi wa Carnegie Hall saa sita za usiku kumsikiliza. Wengi humwona pale akiwa kileleni. Alikuwa na umri wa miaka 35, na hakuwa amewahi kushtakiwa kwa neno lolote alilolisema jukwaani.

Alikuwa akisema nini? Hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu kesi zote zinaanzia hapa.

Kuna mchezo wake mmoja maarufu wa kugawa dunia nzima mafungu mawili, la Kiyahudi na la wasio Wayahudi. Ray Charles ni Myahudi, alisema. Count Basie ni Myahudi. Mkate mweusi ni wa Kiyahudi, mkate mweupe si wa Kiyahudi. Ukiishi New York wewe ni Myahudi hata kama ni Mkatoliki. Ukiishi mji wa Butte, Montana, si Myahudi hata kama umezaliwa na Wayahudi wawili. Mtu akicheka bila kutafakari atadhani ni orodha ya upuuzi. Lakini sikiliza kinachofanyika ndani yake. Watu waliozoea kuhesabiwa na wengine wameshika daftari wao, wanaamua nani aingie na nani abaki nje. Na wale wanaowaingiza kwa heshima kuu ni wanamuziki weusi, katika nchi ambayo majimbo yake ya kusini bado yalikuwa na mabomba ya maji ya Weupe na ya Weusi.

Mchezo mwingine ulihusu lawama ya miaka elfu mbili, kwamba Wayahudi walimuua Yesu. Kanisa Katoliki liliikana lawama hiyo rasmi Oktoba 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Bruce, kabla ya hapo, alikuwa anasimama jukwaani na kukiri. Ndiyo, tulimuua sisi, ni familia yangu, nimekuta barua kwenye chumba cha chini ya nyumba, imetiwa saini: Morty. Ukiipima hoja hiyo kwa mizani ya mjadala, huwezi kuijibu. Utamshtaki nani, Morty?

Halafu alikuwa na kisa cha Yesu na Musa kurudi duniani. Wanaingia kanisa kuu la Mtakatifu Patrick mjini New York, wanasimama nyuma kabisa kama wageni wasiojulikana, wakiwa wamezungukwa na wakoma waliowafuata. Kardinali Spellman na Askofu Sheen, viongozi wa Kikatoliki waliojulikana na kila nyumba yenye televisheni, wanahaha wasijue la kufanya na wageni hao. Yesu anashangaa: nimepita mitaa ya maskini wa Puerto Rico, nikaona watu wengi wamelala chumba kimoja, na pete ya mtu huyu pekee ina thamani ya nyumba ngapi? Hakuna tusi hata moja linalohitajika kukisimulia kisa hiki. Weka alama hapo, tutarudi.

Matusi yalikuwapo, na aliyatoa kwa makusudi. Hoja yake ilikuwa kwamba neno hupata sumu kwa kufichwa. Kwenye onyesho moja aliyataja hadharani majina yote ya dharau ambayo Wamarekani waliitana, Weusi, Wayahudi, Wataliano, Wairishi, mmoja mmoja kama mtu anayenadi mnadani, ukumbi ukiwa umeganda. Kisha akasema: kama Rais Kennedy angeyasema kila siku kwenye televisheni, yangekwisha makali, na mtoto mweusi wa miaka sita asingerudi tena nyumbani analia kwa sababu ya neno aliloitwa shuleni. Sina hakika kwamba alikuwa sahihi. Miaka zaidi ya sitini imepita, majina yale yamesemwa mara nyingi mno, na watoto bado wanalia. Ila si hoja ya mtu anayetukana ili achekwe.

Kwa mtu wa Kiswahili ugomvi huu una ladha ya pekee. Sisi ni watu wa mafumbo. Nyimbo za taarabu zimesema mambo ya chumbani mchana kweupe, mbele ya wazee, kwa kutaja ua, boga au samaki, na kila mtu akaelewa na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mipasho hupiga mtu bila kumtaja. Wachekeshaji wengi wa zama za Bruce nao walikuwa na mafumbo yao. Walikonyeza jicho, wakakohoa, ukumbi ukamalizia sentensi. Sheria haikuwagusa. Bruce alilikataa fumbo. Alisema ukonyezaji ule ndio uchafu wenyewe, kwani unamfanya msikilizaji aone haya kwa kitu ambacho kila mtu anacho mwilini.

Sasa sheria. Katiba ya Marekani, katika Rekebisho lake la Kwanza, inalinda uhuru wa kusema. Lakini mwaka 1957, katika kesi ya Roth, Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba uchafu hauna ulinzi huo, ikatoa na kipimo chake: je, kwa mtu wa kawaida, kwa vipimo vya jamii ya wakati huo, kazi hii ikichukuliwa kwa ujumla wake, lengo lake kuu ni kuamsha ashiki? Juni 1964, katika kesi ya Jacobellis, Jaji Brennan akatilia mkazo sharti la pili: kazi iwe haina kabisa thamani kwa jamii. Yashike maneno haya mawili, ujumla na ashiki. Kwa ujumla maana yake huruhusiwi kuchomoa neno moja ukaliweka peke yake mezani. Na ashiki ni hamu ya mwili. Kuudhika kwa msikilizaji hakumo kwenye kipimo.

Kesi ya kwanza ilitokana na onyesho la Oktoba 4, 1961, katika klabu ya Jazz Workshop, San Francisco. Kosa lilikuwa neno moja la Kiingereza lenye herufi kumi ambalo, kama mfumbaji wa Kiswahili, sitaliandika. Kesi ilipofika mbele ya juri ilisimamiwa na Jaji Clayton Horn, na wakili wa Bruce alikuwa Albert Bendich. Wawili hao walikuwa wamekwisha kukutana mwaka 1957, Bendich alipomtetea mchapishaji wa shairi la Allen Ginsberg na Horn akaamua kwamba shairi si chafu. Safari hii Horn aliwasomea raia kumi na wawili wa juri kipimo chote, polepole. Machi 1962 wakamwachia. Baadhi yao walisema baada ya hapo kwamba moyo ulitaka kumtia hatiani, ila kwa maelekezo waliyopewa hawakuona njia. Kwangu huo ni ushahidi mzuri kuliko wote wa jinsi sheria ile ilivyotakiwa kufanya kazi.

Los Angeles ilileta kesi za aina yake. Bruce alikamatwa kwenye klabu ya Troubadour Oktoba 1962, na miongoni mwa maneno yaliyolalamikiwa kulikuwa na ya Kiyidi. Alipenda kusimulia kwamba polisi walilazimika kutuma askari kanzu anayejua Kiyidi ili mashtaka yaandikike. Neno lenyewe, schmuck, linastahili aya yake. Katika Kijerumani ni pambo la dhahabu au fedha. Katika Kiyidi ni uume. Kwenye midomo ya Wayahudi wa Marekani lilikwisha kuwa mjinga tu, bwege, mtu wa kuonewa huruma. Neno moja lina maana tatu, na sheria ilitakiwa kusema ni ipi iliyotoka jukwaani usiku ule. Los Angeles haikufanikiwa kumtia hatiani kwa uchafu.

Chicago ilifanikiwa. Desemba 5, 1962, polisi walisimamisha onyesho katika klabu ya Gate of Horn. Walianza kukagua vitambulisho vya wateja, na kijana mmoja mchekeshaji aliyekataa kutoa chake akapandishwa gari moja na Bruce. Aliitwa George Carlin, na miaka kumi baadaye naye angekamatwa kwa maneno yake. Siku chache baada ya tukio, ofisa wa polisi alifika klabuni kumwonya meneja, na jarida la Variety likayaripoti maneno yake. Hakuishia kwenye matusi. Alizungumzia kejeli dhidi ya dini na Papa. Kesi iliposikilizwa Februari 1963, jijini mwa Wakatoliki wengi, ilipita Jumatano ya Majivu, na jaji pamoja na watu wa juri walionekana wakiwa na alama ya majivu kwenye paji la uso. Bruce alihukumiwa mwaka mmoja jela akiwa hayupo, kwani alikuwa Los Angeles ambako alikuwa amekamatwa tena. Klabu yenyewe ilisimamishiwa leseni.

Narudi sasa kwa Yesu na Musa nyuma ya kanisa. Katika nchi isiyoweza kumshtaki mtu kwa kumkejeli Kardinali, kwa kuwa Katiba haikubali, neno la herufi kumi lilikuwa mpini wa kumkamatia. Sisemi kwamba kila askari na kila mwendesha mashtaka alikuwa na njama hiyo kichwani. Wengine waliudhika kwa matusi kweli. Lakini wamiliki wengine wa klabu waliusoma ujumbe ule vizuri. Mchekeshaji wa matusi unaweza kumwambia apunguze. Mchekeshaji anayekunyang'anya leseni humwajiri tena.

Mwaka 1962 serikali ya Australia na wenye kumbi huko walikuwa wamemfungia milango baada ya ziara fupi ya Sydney. Aprili 1963 Uingereza ilimkatalia kuingia nchini, ikamrudisha kutoka uwanja wa ndege, alipokuja kufanya onyesho London, ambako mwaka uliotangulia alipokewa vizuri.

Kisha New York, Aprili 1964. Alikamatwa mara mbili ndani ya wiki moja kwenye Café Au Go Go, yeye na mwenye klabu, Howard Solomon. Mwendesha mashtaka alikuwa Richard Kuh. Safari hii hapakuwa na juri: majaji watatu tu, John Murtagh akiwa mkuu wao. Waandishi na wasanii walitia saini waraka wa kumtetea, kati yao James Baldwin, Norman Mailer, Bob Dylan, Elizabeth Taylor na mwanateolojia Reinhold Niebuhr. Dorothy Kilgallen, mwandishi maarufu wa magazeti, mwanamke Mkatoliki asiye na sifa ya kupenda machafuko, alitoa ushahidi kwamba Bruce ni fundi na kwamba nyuma ya maneno yake kuna mtu mwenye maadili.

Moja ya vichekesho vilivyolalamikiwa kilihusu Jacqueline Kennedy. Mumewe aliuawa Dallas Novemba 1963, na picha zilimwonyesha akitambaa nyuma ya gari. Maelezo ya magazeti yalisema alikuwa anatafuta msaada. Bruce alisema hapana, alikuwa anakimbia kuokoa roho yake, kama binadamu yeyote angefanya, na kusema vinginevyo ni uongo utakaowaumiza mabinti wengi. Siku moja watakimbia hatari, kisha wataishi na aibu ya kutokuwa shujaa yule wa gazetini. Alitumia neno la mtaani kwa makalio. Miezi mitano tu baada ya msiba wa taifa, ninaelewa kwa nini mtu angekasirika. Nashindwa kuona ashiki iko wapi.

Majaji nao hawakuiona. Hili ndilo fundo la kesi nzima, na mara nyingi linapitwa. Novemba 4, 1964, wawili kati ya watatu walimkuta na hatia, na katika hukumu yenyewe wakakiri kwamba vichekesho hivyo havikuwa vya kuamsha hamu ya mwili. Wakaongeza kwamba vililitukana na kulidhalilisha tendo la ndoa. Yaani walichukua kipimo cha Roth, wakakuta hakipimi walichokuwa wanakitafuta, wakaongeza kipimo chao. Jaji wa tatu, J. Randall Creel, alipinga. Desemba Bruce alipewa kifungo cha miezi minne.

Kwa nini basi hakushinda rufaa? Sehemu ya jibu ni yeye mwenyewe. Alimfukuza wakili wake, Ephraim London, mmoja wa mabingwa wa kesi za namna hii nchini, akataka kujitetea. Aliwaomba majaji wamruhusu kuigiza vichekesho vyake pale mahakamani ili wasikie walichomhukumia, wakakataa. Akanunua vitabu vya sheria, akajifungia navyo. Aliamini kabisa kwamba tatizo ni kutoeleweka, na kwamba jaji mmoja akisikia vizuri atafuta yote. Dawa za kulevya nazo zilikuwa zimemshika. Alikuwa ameshakamatwa kwa hizo Philadelphia na Los Angeles, na hizo hazikuwa hila za polisi peke yake. Alikuwa mtumiaji wa sindano kwa miaka. Mwaka 1965 alianguka kutoka dirisha la hoteli San Francisco akavunjika miguu, na mwaka huohuo mahakama ikamtangaza muflisi.

Watu waliolipa kiingilio kumwona miaka ile ya mwisho walimkuta mtu aliyenenepa, ana lundo la karatasi, anawasomea mwenendo wa kesi. Wengine waliondoka. Alikuwa amefikia hali ya mkaguzi Ruhe: anasoma vichekesho vyake vya zamani kutoka kwenye karatasi za mahakama, na havichekeshi.

Hukumu ya Chicago ilifutwa na mahakama kuu ya Illinois Novemba 1964, wiki chache baada ya ile ya New York kutolewa. Ya New York ilibaki. Agosti 3, 1966, alikutwa amekufa bafuni nyumbani kwake Hollywood kwa kuzidisha mofini. Alikuwa na miaka 40. Vincent Cuccia, aliyekuwa mmoja wa waendesha mashtaka katika ofisi ya New York, alikuja kukiri kwamba walimfilisi wakijua wanachokifanya, na kwamba waliitumia sheria kumuua.

Mwaka 1968 mahakama ya rufaa ilifuta hukumu ya Howard Solomon, mwenye klabu, aliyeshtakiwa kwa maonyesho yaleyale. Hapo wengi huchanganya, wakidhani Bruce alisafishwa pamoja naye. Hapana. Rufaa ni ya aliyeikata na kuifikisha mwisho, na Bruce alikufa kabla ya kuifikisha. Ikawa kwa onyesho moja, aliyetoa ukumbi hana hatia na aliyelifanya ana hatia. Hali hiyo ilidumu hadi Desemba 23, 2003, Gavana George Pataki alipotoa msamaha baada ya ombi la wanasheria, lililoungwa mkono na binti yake, Kitty. Ulikuwa msamaha wa kwanza katika historia ya jimbo la New York kutolewa kwa marehemu. Lakini msamaha haufuti uamuzi wa mahakama. Husamehewa aliyekosa, na hukumu ya Murtagh, pamoja na ungamo lake kwamba hakuna ashiki humo, ingali kwenye kumbukumbu.

Joan Rivers aliwahi kusimulia kwamba alipokuwa anaanza, usiku mmoja alishindwa vibaya jukwaani Greenwich Village, na Bruce, aliyekuwa ukumbini, akamletea kikaratasi cha kumwambia kuwa yeye yuko sahihi, waliokosea ni wao. Alikihifadhi kwa miaka. Mwaka 1994 Rivers alisimama Broadway akiigiza maisha ya mwanamke mmoja aliyewachekesha watu klabuni kabla mwanawe hajajua kusoma. Huyo ni Sally Marr, mama yake Lenny, ambaye wakati huo alikuwa angali hai. Alifariki mwaka 1997, miaka sita kabla ya barua ya gavana.